Siku nne katika nyumba ya mashua ya mawe huko Loch Tay, Uskoti: uzoefu wangu

Kila nilipokaa kuandika tathmini hii nilijikuta naandika malalamiko matupu, na malalamiko matupu hayaitendei haki nyumba ambayo ami yangu, fundi wa mashua aliyestaafu huko Tanga, bado anaisimulia barazani hadi leo. Kwa hiyo nitaeleza mambo kama yalivyokuwa, nikitanguliza neno moja ambalo ningependa kuambiwa kabla sijalipa: nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya mashua, na mgeni wa kulala amepachikwa juu yake baadaye sana. Anayekwenda huku akilijua hilo atafurahi, na anayekwenda akitarajia hoteli ndogo kando ya maji atarudi na mafua.

Tulikuwa watano, yaani mimi, mke wangu, watoto wetu wawili wa miaka tisa na sita, na ami, ambaye alikuwa amekuja Glasgow kututembelea. Tulikodi kwa siku nne mwanzoni mwa Juni kwa paundi 780, bila chakula na bila kuni zaidi ya kapu moja la kuanzia. Tangazo lilisema nyumba inatosha watu sita. Watu sita wanaweza kusimama humo bila shida, lakini kulala ni jambo jingine, kwa sababu kuna kitanda kimoja kikubwa, sofa inayokunjuliwa, na dari ndogo ya mbao ambayo watoto huipanda kwa ngazi ya kuegemeza.

Kutoka Glasgow ni mwendo wa takriban saa mbili kwa gari, kupitia Callander na Lochearnhead hadi Killin, ambapo mto Dochart hupita ukichemka juu ya mawe katikati ya mji kabla ya kuingia ziwani. Hapo njia inagawanyika. Barabara ya kaskazini ni pana ya kutosha, ila ya kusini, ambako nyumba yetu iko, hupitisha gari moja tu kwa sehemu kubwa ya safari, na pembeni mwake kuna vijipande vilivyopanuliwa ili magari yapishane. Vijipande hivyo si mahali pa kuegesha gari upige picha, na wenyeji, ambao vinginevyo ni watu wapole sana, hawana subira na mgeni anayefanya hivyo. Ukipishwa, inua mkono kushukuru. Ami alidhani ninafahamiana na kila dereva wa wilaya ile.

Loch Tay ni ziwa refu na jembamba, lenye urefu wa kilomita 23 hivi na kina kinachozidi mita 150. Ng'ambo yake, ukiwa upande wa kusini, unautazama mlima Ben Lawers wenye kimo cha mita 1,214, na mnamo Juni tuliona bado kuna kipande cha theluji kimejificha katika bonde la juu, kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. Katika mahali pa namna hiyo mtu hujiuliza ni nani aliyepata wazo la kujenga nyumba ya mawe, yenye tao na paa la vigae vya mawe meusi, kwa ajili ya kuhifadhi mashua mbili za makasia. Jibu ni fedha na fasheni. Mnamo Septemba 1842 Malkia Victoria, akiwa na miaka 23, alifikia Taymouth Castle huko Kenmore akiwa mgeni wa Lord Breadalbane, mwenye kasri hilo, na alipoondoka alisafirishwa kwa mashua ya makasia kwenye ziwa hilihili. Miaka kumi baadaye mumewe, Albert, alinunua Balmoral, kasri na shamba lake hukohuko Uskoti. Kuanzia hapo matajiri wa Uingereza waliona kwamba bila kuvua samoni na kuwinda kulungu Uskoti mwaka haujakamilika, na mashamba makubwa ya kikabaila yakajaza nyumba za wawindaji, mabanda ya mbwa na nyumba za mashua. Chini mashua huingia moja kwa moja kutoka ziwani kupitia tao, na juu kuna chumba cha kupumzikia na kunywa chai wakati watumishi wakipanga ndoana. Kijitabu tulichokikuta mezani kinasema hii yetu ni ya enzi za Victoria, na mpangilio wake unakubaliana kabisa na maelezo hayo.

Jambo la kwanza alilofanya ami, kabla hata ya kushusha mizigo, lilikuwa kuupima ukuta kwa shibiri pale kwenye kizingiti cha mlango. Alipata shibiri tatu na ushei. Kisha akaupigapiga kwa ukingo wa kiganja, akasogea hatua mbili, akapiga tena, akaniita: "Mwanangu, huu una chokaa, na huu umetiwa saruji." Nilidhani ni mazungumzo ya kifundi tu, hadi usiku wa kwanza ulipoingia. Ukuta unaoelekea ziwani, ambao viungo vyake vimezibwa upya kwa saruji, ulikuwa na unyevu wa kushikika kwa mkono. Rangi yake ilikuwa imevimba na kubanduka karibu na sakafu, na nyuma ya sofa palikuwa na ukungu mweusi unaolingana na sahani ya chai. Kuta nyingine tatu, zilizoachwa na chokaa yake ya zamani, zilikuwa baridi lakini kavu. Sababu ni ileile inayojulikana kwa mtu yeyote aliyekaa katika nyumba za mawe za Lamu au Unguja: chokaa hunywa maji na kuyatema, ilhali saruji huyafungia ndani. Aliyefanya ukarabati ule alitaka kuzuia mvua, na badala yake ameifungia nyumbani.

Baridi yenyewe haikuwa kosa la mtu. Nyumba inatazama kaskazini, miti mirefu iko nyuma yake, na chini ya sakafu kuna maji. Kuna jiko la chuma la kuni ambalo likiwaka vizuri hukitosha chumba kizima, na hapo ndipo malalamiko yangu ya kweli yanapoanza, kwa maana kuni tulizopewa zilikuwa mbichi. Unaweka gogo, linatoa povu kwenye ncha zake, linalia kama birika, kioo cha jiko kinakuwa cheusi na chumba kinabaki vilevile. Mfuko wa kuni za ziada ulikuwa paundi 9, nazo zilitoka kwenye lundo lilelile lisilofunikwa. Siku ya pili nilikwenda Aberfeldy nikanunua kuni zilizokaushwa tanurini, na usiku ule mke wangu alivua koti kwa mara ya kwanza. Nilipomwandikia msimamizi, alijibu kwa adabu kwamba kuni zilikuwa "za msimu huu," jibu ambalo kwa hakika lilithibitisha shutuma yangu.

Madirisha ni ya kioo kimoja chembamba katika fremu za mbao, na mtu atauliza kwa nini yasibadilishwe. Jengo hili limo katika orodha ya majengo ya kihistoria, ambayo Uskoti huyapanga katika madaraja A, B na C, na mwenye jengo la aina hiyo hawezi kung'oa madirisha na kuweka mengine apendavyo bila kibali. Hilo nalikubali. Ninachoshindwa kukikubali ni kukosekana kwa pazia, kwa kuwa hakuna sheria ya urithi inayokataza pazia. Kwa kuwa tulikuwa Juni, jua lilichomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri, tena upande wa kaskazini mashariki, kiasi kwamba nyumba isiyoona jua mchana kutwa ililipata alfajiri, usoni mwa aliyelala kwenye sofa. Jioni lilirudi tena kupitia kona ya pili na halikutua hadi karibu saa nne usiku. Ami, aliyekuwa na sofa hiyo, aliuliza swala ya isha inaswaliwa saa ngapi katika nchi ambayo giza haliingii sawasawa. Nilimweleza kwamba tunafuata ratiba ya msikiti wa Glasgow, akatikisa kichwa, akajifunga kilemba machoni na kulala.

Sasa nije kwenye mashua, kwa sababu hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nisidai fedha zangu.

Sakafu ya chini haina kitu kingine. Unashuka kwa ngazi za ndani, unafungua mlango mzito wa mbao, na unakutana na chumba chenye giza la kijani, maji yakiwa katikati kama barabara na njia nyembamba za mawe pande zote mbili. Mwanga wa tao unachezacheza juu ya dari, na harufu ni ya lami, kamba mbichi na mbao zilizozeeka. Mashua moja ilikuwa imepandishwa juu ya magogo, imepakwa vanishi mpya, nadhani kwa ajili ya kupendeza kwenye picha za tangazo. Nyingine ilikuwa ya plastiki, imefungwa nje.

Ami alichuchumaa kando ya ile ya mbao kwa muda mrefu bila kusema kitu. Mashua za kwetu, kwa wasiojua, hujengwa ubao kwa ubao, ukingo ukikutana na ukingo, na mwanya uliobaki huzibwa kwa kalafati ya pamba na mafuta. Hizi za kaskazini ni tofauti, kwani kila ubao umepanda kidogo juu ya mwenzake, mithili ya makuti kwenye paa, na mbao hizo mbili zimeshonwa pamoja kwa misumari ya shaba ambayo ncha zake zimepondwa ndani juu ya vipete vidogo. Hakuna kalafati hata kidogo. Ami alipitisha kucha kwenye maungio yote upande mmoja, kutoka omo hadi tezi, akahesabu misumari kati ya taruma na taruma, yaani mbavu za mashua, kisha akauliza, kana kwamba anayemuuliza ni fundi mwenyewe: "Sasa pamba umeiweka wapi?"

Tuliishusha majini jioni ileile, na ndani ya dakika tano maji yalikuwa yamefika vifundoni. Niliogopa tumeiharibu. Msimamizi, aliyekuwa amefika kutuonyesha jiko, alisema kwamba hiyo imechoka na ni afadhali tutumie ya plastiki. Ami hakujua Kiingereza cha kumjibu, ila alijua anachokitazama. Alinituma nimwambie kwamba mashua haikuchoka, bali ina kiu, kwa kuwa imekaa juu ya magogo majira yote ya baridi, mbao zimenywea, na inahitaji kulala majini mpaka ishibe. Tukaifunga palepale ndani ya nyumba, ikiwa imejaa maji nusu. Asubuhi ami alishuka kabla yetu sote, akafua maji kwa sufuria la jikoni kwa kukosa upo, yaani kata ya kufulia maji, na tulipomfuata tulimkuta ameketi katikati ya mashua, miguu imekauka, anakunywa chai. Haikuingiza tena tone la kuhesabika hadi tulipoondoka.

Ni pale ndipo nilipoielewa nyumba. Giza, unyevu, kutazama kaskazini na ubaridi wa mawe, vitu vyote nilivyokuwa nimeviorodhesha kichwani kama kasoro, ndivyo vinavyoiweka mashua ya mbao hai, kwa maana jua ndilo linalozifungua mbao zake. Aliyeijenga aliijenga sawasawa. Ninaposema hivyo siusamehe ukuta wa saruji wala kuni mbichi, ambavyo si vya Victoria bali ni vya juzi.

Tulipiga makasia kila siku. Upepo wa mashariki ulipokuwa umetulia, ziwa lilikuwa kama kioo cheusi, na Ben Lawers ulikaa ndani yake kichwa chini. Hata hivyo kuna jambo ambalo mwenye watoto asilipuuze. Tangazo liliahidi mashua pamoja na maboya ya kuvaa, lakini maboya yote manne yalikuwa ya watu wazima, na mtoto wa miaka sita huponyoka ndani ya boya la namna hiyo kama embe kwenye gunia. Maboya ya watoto yaliletwa kesho yake mchana baada ya mimi kusisitiza. Maji ya ziwa lile ni baridi hata Juni, baridi ya kumkata mtu pumzi mara anapotumbukia, na ukingo wake hushuka ghafla. Watoto wa pwani waliozoea kujirusha baharini wanapaswa kukatazwa kwa maneno makali.

Kuhusu uvuvi nitasema machache, kwa kuwa tulivua siku moja tu. Katika sehemu kubwa ya Uskoti huhitaji leseni ya serikali kwa ajili ya mshipi, lakini ni lazima upate ruhusa ya mwenye haki ya uvuvi, na msimamizi hutoa kibali hicho kwa malipo. Trauti huvuliwa kuanzia Machi 15 hadi Oktoba 6, na samoni haruhusiwi kuvuliwa Jumapili. Ukutani kuna picha ya Georgina Ballantine, aliyenasa samoni wa kilo 29 katika mto Tay, unaotoka ziwani humu, mnamo Oktoba 7, 1922, na rekodi yake ya Uingereza haijavunjwa kwa mshipi hadi leo. Ami alimtazama samaki, akasema ni mkubwa, akarudi kwenye mashua yake.

Jiko la kupikia ni la umeme, lina sehemu mbili za moto na halina oveni, basi pilau la watu watano ni kazi ya hesabu. Nyama halali tulibeba kutoka Glasgow katika kisanduku cha barafu. Maji ya bomba hutoka kwenye chanzo cha shamba lenyewe, yanachujwa, na yana rangi ya chai nyepesi kutokana na udongo wa mboji wa milimani. Yalinitia wasiwasi, lakini tuliyanywa siku nne na hayakumdhuru mtu. Choo kinaelekea kwenye tangi la maji machafu na kina masharti yake, yaliyobandikwa mlangoni kwa herufi kubwa.

Ngazi za kuingilia ziko nje, ni za mawe, zimeota kuvu, na badala ya mkono wa kushikia kuna kamba iliyopitishwa kwenye pete. Ami ana miaka 71 na ameshuka ngazi mbaya kuliko hizo maisha yake yote, lakini nisingempeleka mama yangu pale.

Tangazo lilisema "faragha kamili." Uskoti ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita katika ardhi na maji ya nchi, hata ya watu binafsi, ilimradi afanye hivyo kwa uwajibikaji na asiingilie faragha ya makazi. Ni sheria nzuri na ninaitumia mwenyewe. Matokeo yake hapa ni kwamba njia ya wapita kwa miguu iko hatua chache nyuma ya nyumba, na siku ya tatu wapiga kasia wawili walipumzika kwenye mtelemko wetu wa mawe, wakatuamkia, wakala sandwichi zao na kwenda zao. Sikukereka, ila neno "kamili" liondolewe.

Siku hiyohiyo ya tatu upepo ulitulia kabisa, na visubi wakatoka. Kisubi wa nyanda za juu za Uskoti ni mdogo kuliko chembe ya pilipili manga, hatui peke yake bali kwa wingu, na huingia kwenye nyusi, masikioni na ndani ya kilemba. Wanapenda palepale penye kivuli, unyevu na utulivu, yaani kwenye mlango wa nyumba ya mashua. Msimu wao huanza Mei na kuisha Septemba. Chukua dawa ya kupaka na kofia za wavu, na ukiona ziwa limekuwa zuri kupita kiasi, ingia ndani.

Mvua ilipotufungia asubuhi moja tulikwenda Kenmore kuiona Scottish Crannog Centre, inayoonyesha maisha ya watu wa Enzi ya Chuma waliokaa katika nyumba zilizojengwa juu ya nguzo ndani ya ziwa hili. Nyumba yao ya mfano iliungua mnamo Juni 2021, na kituo kilifunguliwa upya mwaka 2024 mahali papya ng'ambo ya ziwa. Watoto walifundishwa kuzungusha kijiti hadi kikatoa moshi. Kwa hali ya kuni zetu, nilizingatia somo lile kuliko wao.

Kabla ya kulipia nyumba yoyote ya likizo Uskoti, tafuta namba ya leseni kwenye tangazo, kwani sheria sasa inawataka wenye nyumba za kukodisha kwa muda mfupi wawe nayo na waionyeshe. Hii ilikuwa nayo, pamoja na ving'ora vya moshi na cha hewa ya sumu ya jiko, na vyote nilivijaribu. Fedha za mfuko wa kuni nilirudishiwa baada ya barua mbili. Kuhusu ukuta niliambiwa utaangaliwa.

Naipa nyota tatu kwa malazi na tano kwa sakafu ya chini. Nitarudi, lakini mwishoni mwa Septemba, bila mtoto wa miaka sita, nikiwa na pazia nene, kuni zangu mwenyewe na upo wa mti ambao ami ameahidi kuuchonga. Asubuhi ya kuondoka msimamizi alikuja na kijana mmoja ili wairudishe ile mashua juu ya magogo. Ami aliwazuia kwa mkono, akaonyesha maji, akaonyesha mbao, akaweka kiganja chini ya shavu kama mtu aliyelala. Walitazamana, wakacheka, wakaiacha ilipo.